Sema na Mwamba

Andiko la msingi: Hesabu 20:1–29
Soma pia: Kutoka 17:1–7, Kumbukumbu la Torati 34:1–5, Waefeso 6:4, Yakobo 1:19–20

Somo hili nililishiriki kwanza katika ushirika wetu wa nyumbani, na mchungaji akaniomba niliandike ili wale ambao hawakuwepo nao walipate. Nilisitasita, kwa sababu ndani yake kuna jambo langu mwenyewe ambalo si la kujivunia. Lakini ushuhuda si wa kusimulia ushindi peke yake. Kuna ushuhuda wa kurekebishwa pia, na huo ndio nilio nao leo.

Tulivyojikuta safarini

Mama yangu alikuwa na akiba yake kwenye sacco. Kila bonasi ya chai ilipolipwa alitenga kitu kidogo, na ukimuuliza ni ya nini, alikujibu: "Ni ya kwenda kuona mahali Musa alipita." Hakuwahi kwenda. Mwezi wa nane, mwaka juzi, Bwana alimwita. Baada ya mazishi, mimi na ndugu zangu tuliketi tukakubaliana kwamba hiyo pesa isigawanywe. Kwa vile mama aliishi kwangu, niende na familia yangu nikaone kwa niaba yake. Tukaongezea ya kwetu, na mwezi wa kumi na mbili, shule zikiwa zimefungwa, tukaondoka Nairobi kuelekea nchi ya Yordani. Tulikuwa wanne: mimi, mke wangu, kijana wetu aliyekuwa amemaliza kidato cha tatu, na dada yake wa miaka tisa.

Sasa ni lazima niseme tulisafiri tukiwa katika hali gani. Wiki chache kabla ya safari nilienda kumchukua kijana shuleni siku ya kufunga. Mwalimu wa darasa alikuwa ameshanipigia simu kwamba alama zimeanguka kutoka B hadi D. Nilimkuta langoni na sanduku lake. Sikumsalimia. Sikumuuliza swali hata moja. Nilimzaba makofi mawili, mbele ya wenzake, halafu nikamwambia aingie kwa gari.

Tangu siku hiyo kijana alinijibu "ndio, Baba" na "hapana, Baba". Adabu ilikuwa kamili. Asubuhi alishika vitabu, jioni alishika vitabu. Mimi nikamwambia mke wangu, "Unaona? Dawa imefanya kazi." Mama watoto hakunijibu.

Chemchemi ya Musa

Kutoka mji wa Amman hadi Petra ni mwendo wa karibu saa tatu kwa gari, ukielekea kusini. Sisi tumezoea kufikiri jangwa ni joto tu. Kumbe Petra iko juu milimani, na Desemba baridi yake inakata. Tulivaa kila sweta tuliyobeba.

Petra ni mji wa kale uliochongwa ndani ya majabali mekundu. Nchi hiyo ilikuwa Edomu, ya wana wa Esau. Baadaye walikuja Wanabatea, watu wa misafara ya ngamia, waliofanya biashara ya ubani na manukato, nao ndio waliouchonga mji. Ukisoma 2 Wakorintho 11:32 utakutana na mfalme wao. Yule Areta ambaye liwali wake alilinda mji wa Dameski ili amkamate Paulo, hadi Paulo akateremshwa ukutani kwa kapu, alikuwa mfalme wa Wanabatea. Warumi waliuchukua ufalme huo mwaka 106, na tetemeko la mwaka 363 likabomoa sehemu kubwa ya mji. Mzungu wa kwanza wa nyakati za karibuni kuufikia na kuandika habari zake alikuwa Mswisi Johann Ludwig Burckhardt, mwaka 1812.

Mji wa leo ulio karibu na hapo unaitwa Wadi Musa, yaani Bonde la Musa. Ukiingia unakuta jengo dogo lenye kuba tatu nyeupe. Ndani kuna mwamba, na chini ya mwamba maji yanatoka. Wenyeji wanapaita Ain Musa, Chemchemi ya Musa, na mapokeo yao yanasema hapo ndipo Musa alipoupiga mwamba. Niwe mkweli kwenu: Biblia inasema jambo hilo lilitokea Kadeshi, na wataalamu wengi wanaiweka Kadeshi mbali na hapo, upande wa magharibi wa bonde la Araba. Sikuja kuwauzia kwamba ndio mwamba wenyewe. Lakini ukisimama mahali pale penye miamba mitupu kila upande, halafu uone maji yanatiririka, Hesabu 20 haisomeki tena kama hadithi ya mbali.

Jioni hiyo, hotelini, tukaisoma sura yote pamoja. Mungu alimwambia Musa achukue fimbo, akusanye watu, aseme na mwamba. Musa alichukua fimbo, akawakusanya watu, akawaita waasi, kisha akaupiga mwamba mara mbili. Maji yakatoka mengi, watu wakanywa na mifugo yao ikanywa. Halafu Mungu akamwambia Musa na Haruni kwamba hawataingiza watu katika nchi ile.

Binti yetu akauliza, "Baba, kama Mungu alikuwa amekasirika, mbona maji yalitoka?"

Wapendwa, nimefundisha darasa la wanaume kwa miaka kadhaa, lakini usiku huo sikuwa na jibu. Nilisikia tu yale maneno yangu: unaona, dawa imefanya kazi. Na "mara mbili" ile ilinipiga mimi. Kijana alikuwa ameinamia Biblia yake, hakuinua macho.

Jambo la kwanza: Maji kutoka si ushahidi kwamba ulifanya sawa

Jibu la swali la binti yangu nililipata baadaye. Maji yalitoka kwa sababu watu walikuwa na kiu. Mungu hakuwaadhibu watoto na ng'ombe kwa kosa la Musa. Ile ilikuwa rehema kwa wenye kiu, si cheti kwa mwenye fimbo.

Wazazi wengi tunapimana kwa maji. Mtoto ametii, amesoma, amenyamaza, basi njia yetu ilikuwa sawa. Hatuulizi tumepoteza nini. Musa alipata maji siku hiyo, akapoteza kuingia Kanaani. Mimi nilipata mtoto anayeshika kitabu, nikapoteza mtoto anayenisemesha.

Najua kuna mtu anasema, "Lakini Mithali inataja fimbo." Ndio, inataja. Na pia Kutoka 17, kule Horebu, Mungu mwenyewe alimwambia Musa aupige mwamba. Hapo ndipo penye somo. Mwamba wa kwanza aliambiwa apige. Wa pili aliambiwa aseme. Fimbo alikuwa nayo mkononi, na Mungu ndiye aliyemwambia aichukue. Mamlaka hayakuondolewa. Lakini kazi ya siku hiyo ilikuwa ya mdomo. Musa alitumia agizo la jana kwa shida ya leo. Mtoto mdogo unamshika mkono kwa nguvu asikimbilie barabara. Kijana wa miaka 16 huwezi kumvusha maisha kwa mkono huo. Kuna umri ambao Mungu anakuambia: sasa sema naye.

Mke wangu akaniambia, "Rudi usome mstari wa kwanza." Nikarudi. Mstari wa kwanza unasema Miriamu alikufa, akazikwa hapo. Yule dada aliyemlinda Musa kando ya mto alipokuwa mtoto ndani ya kisafina. Haruni alipokufa, mwisho wa sura hiyo hiyo, watu waliomboleza siku 30. Ya Miriamu hatuambiwi siku hata moja. Mstari unaofuata ni shida ya maji na kelele za watu. Musa alitoka kaburini akaingia kazini.

Sisemi hilo linafuta kosa lake, Mungu hakulifuta. Lakini linatuonyesha hasira inakotoka. Mara nyingi hasira ni kilio ambacho hakikupewa nafasi. Mimi nilikuwa nimemzika mama mwezi wa nane na sikuwa nimelia. Na kijana? Huyo alilelewa na shosho yake tangu akiwa mchanga. Tulimtoa shule siku ya mazishi, tukamrudisha jioni hiyo hiyo ili asipoteze masomo. Hakuna aliyemuuliza unaendeleaje.

Jambo la pili: Maji ni yale yale, tofauti ni mfereji

Asubuhi tukaingia Petra yenyewe. Tiketi ya siku moja ilikuwa dinari 50 kwa mtu mzima. Watoto chini ya miaka 12 hawalipi. Njia ya kuingilia inaitwa Siq. Ni ufa mrefu katikati ya majabali, kama kilomita 1.2, na mahali pengine upana wake ni mita tatu tu. Ukiinua macho unaona uzi wa mbingu.

Mwongozaji wetu, mzee mmoja mwenyeji wa huko, alituonyesha kitu ambacho wengi wanakipita. Kwenye kuta zote mbili za Siq kuna mifereji iliyochongwa katika jiwe, na upande mmoja kulilazwa mabomba ya udongo wa kuchomwa. Wanabatea waliyaleta maji ya Ain Musa hadi mjini kwa mifereji hiyo, pole pole, karibu miaka 2,000 iliyopita. Ndivyo watu wengi hivyo waliweza kuishi jangwani.

Lakini jangwa lina maji mengine. Mvua ikinyesha milimani, udongo haunywi, na maji yote yanakimbilia bondeni kwa mara moja. Sisi tulioona mito mikavu ya huku kwetu ikijaa kwa dakika chache na kubeba magari tunaelewa. Wanabatea walijua hatari hiyo, kwa hivyo mlangoni mwa Siq walijenga ukuta wa kuzuia maji na wakachonga handaki kwenye mwamba ili mafuriko yapite kando. Ukuta huo uliharibika kwa karne nyingi bila mtu kuujali. Mwaka 1963 mafuriko ya ghafla yakaingia Siq na kuua watalii Wafaransa zaidi ya 20. Baada ya msiba huo ukuta ukajengwa upya.

Maji yaliyolisha mji na maji yaliyoua watu yote ni maji. Yakipewa mfereji yanaleta uhai. Yakikosa mfereji yanaleta msiba. Na hasira yetu ni hivyo hivyo. Kukasirika kwa sababu mtoto anapotea si dhambi yenyewe; mzazi asiyejali hakasiriki. Ndiyo maana Yakobo hasemi tusikasirike kamwe, anatuambia tuwe wepesi wa kusikia, tusiwe wepesi wa kusema wala kukasirika. Huo ndio ukuta mlangoni. Swali moja, "Mwanangu, kumetokea nini?", lingetosha kuyageuza maji yangu siku ile langoni. Sikuwa nimejenga ukuta wowote. Wahenga walimaliza maneno: hasira hasara.

Jambo la tatu: Huwezi kufungua hazina kwa risasi

Siq ikiisha, giza la majabali linafunguka ghafla na unaona jengo limechongwa kwenye uso wa mlima, kama mita 40 kwenda juu. Linaitwa Al-Khazneh, yaani Hazina. Wanaolichunguza wanasema lilikuwa kaburi la kifalme, na wengi wanalihusisha na yule mfalme Areta. Binti yetu alisimama tu, mdomo wazi.

Juu kabisa kuna mtungi mkubwa wa jiwe. Zamani Mabedui waliamini Farao alificha dhahabu ndani yake. Kwa hivyo walisimama chini na bunduki wakaupiga risasi, wakitumaini utapasuka dhahabu imwagike. Hakuna kilichomwagika. Mtungi ule ni jiwe tupu, hauna nafasi ndani. Alama za risasi bado ziko, unaziona kwa macho yako.

Kijana wangu aliziangalia kwa muda mrefu. Kisha akasema, na hii ilikuwa sentensi yake ya kwanza ndefu kwa wiki kadhaa, "Walidhani ukigonga sana kitatoka kitu."

Sikujua kama alikuwa ananiambia mimi. Sikuuliza. Lakini nilikaa nayo siku nzima. Waefeso 6:4 inawaonya akina baba wasiwachokoze watoto wao. Moyo wa mtoto una hazina, hilo ni kweli, lakini haufunguki kwa kupigwa kutoka mbali. Ukiupiga, kinachobaki ni alama.

Mchana tulipanda ngazi kwenda jengo linaloitwa Ad-Deir. Ngazi zenyewe ni zaidi ya 800, na magoti yangu yalianza kukataa katikati. Kijana alirudi chini, akachukua mkoba wangu bila kusema kitu, akapunguza mwendo. Juu kule mwongozaji alituonyesha mlima mwingine wenye kuba jeupe kileleni: Jabal Harun, ambao mapokeo ya zamani yanasema ndio mlima Hori, alipokufa Haruni. Nikakumbuka mwisho wa sura yetu. Kabla Haruni afe, Musa alimvua mavazi ya ukuhani akamvisha Eleazari mwanawe. Haruni alikuwa na makosa yake, ya ndama na ya Meriba. Lakini alipanda mlima pamoja na mwanawe, na mwanawe akashuka akiwa amevaa vazi la baba. Nikajiuliza, nikifa leo, huyu anayenibebea mkoba atashuka amevaa nini changu? Makofi mawili?

Mlimani Nebo

Siku ya mwisho tulirudi kaskazini hadi mlima Nebo, karibu na mji wa Madaba. Hapa ndipo mama yangu alitaka kufika. Unasimama mahali Musa alipoonyeshwa nchi: bonde la Yordani, Bahari ya Chumvi, upande wa Yeriko. Siku hiyo kulikuwa na ukungu kidogo, lakini bonde lilionekana. Alitembea miaka 40, akaishia kuangalia.

Mke wangu akamchukua binti wakaenda kuona michoro ya vijiwe ndani ya kanisa la kale. Nadhani alifanya makusudi. Nikabaki na kijana. Nikamwambia, "Nilikupiga mbele ya wenzako. Sikukuuliza chochote. Nilikosea, na naomba unisamehe."

Alikaa kimya muda mrefu sana. Halafu akasema, "Kila Jumapili nilikuwa nampigia shosho kwa simu ya shule. Siku hizi Jumapili ikifika, watu wakipanga laini, mimi sina wa kupigia."

Wapendwa, Jumapili hizo zote simu yangu ilikuwa mfukoni. Hapo mlimani nililia kilio cha mama yangu, na kilio kingine juu yake. Kijana naye alilia. Kama Musa angesema na mwamba, sijui maji yangetoka kwa namna gani. Lakini siku hiyo nilisema, na maji yakatoka.

Kuna ndugu aliniuliza, "Na alama zilipanda?" Ndugu yangu, hilo ni swali la maji tena. Nitakuambia tu kwamba mwaka uliofuata, Jumapili saa nane, simu yangu ilikuwa inalia. Si kila Jumapili. Nyingi.

Tufanye nini wiki hii

Kwanza, kabla hujamuadhibu mtoto, muulize swali moja na usikilize jibu lote. Pili, angalia kama kuna msiba nyumbani mwako ambao haukuliliwa, wa mtu mzima au wa mtoto. Tatu, kama kuna mwamba ulioupiga, mtafute mwenyewe ukamwombe msamaha. Usimtume mama yake. Na si lazima upande ndege. Nebo yako inaweza kuwa jikoni, au ndani ya matatu mkielekea shuleni.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Linganisha Kutoka 17:6 na Hesabu 20:8. Ni agizo gani la jana tunalolitumia kwa shida ya leo?
2. Kwa nini maji yalitoka ingawa Musa hakutii? Ni matokeo gani mazuri yanayoweza kutudanganya kwamba tuko sawa?
3. "Ukuta mlangoni" wa hasira yako ni upi?
4. Haruni alimwachia Eleazari vazi. Wewe watoto wako watashuka mlimani wamevaa nini?

Maombi

Baba, tunakushukuru kwa sababu uliwanywesha wenye kiu hata mtumishi wako alipokosa. Utusamehe sisi wazazi tulipopiga mahali uliposema tuseme. Waponye watoto wanaobeba alama za mikono yetu na za midomo yetu. Tupe masikio mepesi, na utufundishe kulia mbele zako kabla hatujawafokea wale uliotupa. Katika jina la Yesu. Amina.